Kisa cha mama aliyetolewa kizazi: homa iliyofichwa siku tatu

Kisa hiki ni cha kweli. Jina, mahali, kazi na kila kinachoweza kumtambulisha mhusika vimeondolewa. Nimekichagua kwa sababu upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri kabisa, na bado mgonjwa alirudi wodini akitetemeka kwa homa, na usaha umejaa juu ya uke. Sisi tunaowahudumia akina mama baada ya upasuaji tuna mengi ya kujifunza hapa, hasa juu ya kile tunachowaambia siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Usuli

Mgonjwa, nitakayemwita Bi. K., alikuwa na miaka 44, ameolewa, ana watoto wawili. Kwa zaidi ya miaka mitatu hedhi yake ilikuwa ikizidi kuwa nzito, hadi ikafika siku tisa au kumi kwa mwezi. Siku tatu za mwanzo alibadili pedi karibu kila saa, na usiku aliamka mara kadhaa kwa kuogopa kuchafua shuka. Mabonge ya damu yalikuwa jambo la kawaida kwake. Hakuja hospitali kwa ajili ya damu hiyo. Alikuja kwa sababu alikuwa hawezi tena kupanda ngazi bila kusimama katikati, moyo ukimwenda mbio.

Ndivyo inavyokuwa kwa wengi. Mwanamke hulinganisha hedhi ya mwezi huu na ya mwezi uliopita, na kama zinaongezeka kidogo kidogo haoni pa kusema "sasa imezidi".

Kipimo kilionyesha kiwango cha damu yake (himoglobini) ni gramu 6.8 kwa desilita. Kwa mwanamke asiye mjamzito inatakiwa ifike angalau 12, na ikishuka chini ya 8 ni upungufu mkali. Ultrasaundi ilionyesha uvimbe mwingi kwenye kizazi, mmoja ukiwa na upana wa sentimita 8 na mwingine umechomoza ndani ya mfuko wa uzazi wenyewe. Kizazi kizima kilikuwa kimekua kufikia ukubwa wa mimba ya wiki 16. Kipimo cha shingo ya kizazi kilikuwa safi, kama vilivyokuwa vyote vya miaka ya nyuma, na kinyama kilichochukuliwa kwenye ukuta wa ndani hakikuwa na dalili ya saratani. Hatua hii ya mwisho haifai kurukwa. Kama damu inatokana na saratani, upasuaji wake ni mwingine na mara nyingi hata mpasuaji ni mwingine.

Njia zilizokuwepo

Alikuwa ameshajaribu mambo mawili. Vidonge vya asidi ya traneksamiki vilipunguza damu kiasi, lakini siyo kwa kiwango cha kumrudishia nguvu. Kitanzi chenye homoni kiliwekwa na kikatoka chenyewe mwezi wa pili. Hilo halishangazi, kwani uvimbe unaochomoza ndani ya kizazi huharibu umbo lake na kitanzi hukosa mahali pa kukaa.

Zilibaki njia tatu. Ya kwanza ni kutoa uvimbe peke yake na kuacha kizazi, njia inayomfaa hasa anayetaka kuzaa. Kasoro yake ni kwamba uvimbe mwingine huweza kuota baadaye. Ya pili ni kuziba mishipa inayoulisha uvimbe damu ili usinyae. Ya tatu ni kutoa kizazi chote.

Daktari bingwa alimwuliza swali moja kabla ya kueleza lolote: "Mama, bado unatamani mtoto?" Bi. K. alijibu kwamba hapana. Jibu lilikuja haraka, likaandikwa kwenye faili, mazungumzo yakaendelea. Nitarudi kwenye jibu hilo, maana halikuwa limekamilika.

Alichagua kutolewa kizazi. Sababu yake ilieleweka: alikuwa amechoka kurudi hospitali, na hii ndiyo njia pekee yenye hakika kwamba damu ya hedhi haitarudi wala uvimbe hautaota tena.

Kungoja kwanza

Wengi kwenye familia walitaka apasuliwe wiki ileile. Timu ilikataa, na kwa maoni yangu huu ulikuwa uamuzi bora kuliko yote katika kisa kizima. Kumpasua mtu mwenye damu 6.8 wakati hali siyo ya dharura ni kumwongezea hatari bila sababu: karibu kwa hakika ataongezewa damu, kidonda kitachelewa kupona, na mwili hautakuwa na akiba ya kupambana na maambukizi.

Alipewa madini ya chuma kwa njia ya mshipa, pamoja na sindano za homoni zinazonyamazisha ovari kwa muda ili hedhi isimame na uvimbe upungue. Aliambiwa mapema kwamba wiki mbili za mwanzo baada ya sindano damu inaweza kuongezeka kabla ya kukatika. Iliongezeka kweli, na kwa kuwa alilitarajia hilo hakutaharuki. Baada ya wiki kumi kiwango cha damu yake kilifika 11.4.

Sindano hizo zilileta faida nyingine ambayo hakuna aliyeipanga. Ovari zikinyamazishwa, mwili huingia katika hali inayofanana na ukomo wa hedhi. Bi. K. alipata joto la ghafla, jasho la usiku, kukosa usingizi. Kwa hiyo alipoulizwa kama angependa ovari zitolewe pamoja na kizazi, hakuhitaji kuelezwa kwa nadharia. Alijua mwilini mwake maana yake. Mwanamke wa umri wake akitolewa ovari zote mbili huingia ukomo wa hedhi siku hiyohiyo, na mifupa na moyo hukosa kinga ya homoni miaka kadhaa kabla ya wakati. Ovari zake zilikuwa nzima na katika familia hapakuwa na historia ya saratani ya ovari wala ya matiti. Iliamuliwa ovari zibaki, mirija ya uzazi itolewe. Mirija haina kazi tena kizazi kikiondoka, na saratani nyingi zinazoitwa za ovari huanzia humo.

Suala la shingo ya kizazi lilijadiliwa pia. Alikuwa amesikia kwamba ikiachwa, raha ya tendo la ndoa haipungui na kibofu hakilegei. Tafiti zilizolinganisha makundi hayo mawili hazikuonyesha tofauti hiyo, ilhali shingo ikibaki mwanamke huendelea kuhitaji vipimo vya saratani, na wengine huendelea kutokwa na damu kidogo kila mwezi. Alikubali itolewe.

Upasuaji na siku tatu za wodini

Kwa ukubwa wa kizazi kile, na kwa kuwa kilikuwa hakisogei vizuri, mpasuaji alipasua tumbo kwa mkato wa mlalo juu ya kinena badala ya kupitia ukeni au kwa matundu madogo ya kamera. Njia hizo mbili humrudisha mtu kazini mapema zaidi, na pale zinapowezekana ndizo za kutangulizwa.

Alipewa nusu kaputi, na dawa ya kuzuia maambukizi kabla ya mkato wa kwanza. Alipoteza damu kama mililita 450, hakuongezewa hata chupa moja. Mpira wa mkojo ulitolewa asubuhi iliyofuata na akakojoa mwenyewe bila shida. Siku hiyohiyo alishuka kitandani akatembea hadi mlangoni akiwa ameshikwa mkono. Alichomwa sindano za kuzuia damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, kwani upasuaji wa sehemu ya chini ya tumbo na kulala muda mrefu huongeza hatari hiyo.

Alicholalamikia zaidi ni gesi. Matumbo huchelewa kuamka baada ya tumbo kufunguliwa, na maumivu yake hupanda hadi mbavuni. Kutembea, kunywa maji ya kutosha na dawa ya kulainisha choo vilimsaidia.

Siku ya tatu aliruhusiwa. Maelekezo yalikuwa haya: usinyanyue kitu kizito kwa wiki sita, usikutane na mumeo kwa wiki sita hadi nane, usiingize kitu ukeni, usiloweke kidonda, na kutokwa na uchafu kidogo wenye damudamu ni kawaida. Aliitikia kila moja.

Nyumbani

Siku nane za kwanza zilikwenda vizuri kiasi cha kuwadanganya wote. Mshono wa nje ulikauka, maumivu yakapungua, akaacha dawa. Siku ya kumi alibeba ndoo ya maji na kupiga deki chumba kimoja, kwa sababu alijisikia mzima na kwa sababu hakupenda kuwaona wengine wakifanya kazi zake.

Siku ya 12 alianza kuhisi uzito chini ya tumbo, unaosukuma kuelekea njia ya haja kubwa. Uchafu uliokuwa umekaribia kukatika ukaongezeka, ukawa wa kahawia na wenye harufu. Jioni mwili ulichemka.

Hakumwambia mtu. Kwa siku tatu alimeza dawa za maumivu, ambazo pia zilishusha homa na kuificha. Usiku wa siku ya 15 dada yake aliyekuja kumwuguza alimkuta amejifunika mablanketi, meno yakigongana. Joto lilikuwa 38.9.

Alipoulizwa hospitali kwa nini hakuja mapema, alijibu kwa sauti ya chini: "Niliambiwa nisinyanyue, nikanyanyua. Nilijua nimejiharibu mwenyewe. Nikaona nikija nitagombezwa."

Uchunguzi ulionyesha damu iliyovilia juu ya pale uke uliposhonwa, bonge la karibu sentimita 5, nayo ilikuwa imeshaingia wadudu na kugeuka jipu. Mshono wa uke wenyewe haukuwa umeachia. Alianzishiwa dawa kali za mshipani, jipu likatobolewa na kukamuliwa kupitia ukeni, na homa ikashuka ndani ya siku mbili. Alilazwa siku tano.

Ndoo haikuwa chanzo

Hapa ndipo penye uzito wa kisa hiki. Jipu la namna hii halisababishwi na kunyanyua ndoo. Chanzo chake ni vijishipa vidogo vinavyoendelea kuvuja baada ya upasuaji, damu ikajikusanya mahali pasipo na pa kutokea, na wadudu wanaoishi ukeni siku zote wakaifikia. Sindano za kuzuia kuganda kwa damu huongeza kidogo uwezekano wa kuvuja, na bado ni sahihi kuzitoa, kwa sababu bonge la damu likitoka mguuni na kufika kwenye mapafu huua. Tatizo hili lingeweza kumpata hata kama angelala kitandani siku zote 15.

Kunyanyua kuna hatari zake. Kunaweza kulegeza mshono wa tumbo na kuleta ngiri, na kusukuma kwa nguvu hukaza mshono wa uke ambao bado haujashika. Kwa hiyo katazo ni la haki. Kasoro ilikuwa katika uzito lililopewa. Alipewa makatazo manne na kauli moja ya kutuliza, lakini hakupewa hata dalili moja ya hatari. Mgonjwa aliondoka akiwa na orodha ya makosa anayoweza kuyafanya, si orodha ya mambo yanayoweza kumpata. Basi jambo lilipompata, alilisoma kama adhabu ya kosa lake.

Na ile kauli ya kwamba uchafu ni kawaida haikuwa ya uongo. Baada ya kutolewa kizazi, damudamu nyepesi huweza kutoka kwa wiki kadhaa, na karibu na wiki ya pili nyuzi za ndani zinapoanza kuyeyuka uchafu unaweza kuongezeka kidogo. Ndiyo maana mama anahitaji kuelezwa mpaka ulipo. Uchafu unaonuka si kawaida. Damu mbichi inayojaza pedi ndani ya saa moja si kawaida. Homa ya 38 au zaidi, maumivu yanayopanda badala ya kushuka, mguu mmoja uliovimba na kuuma kwenye shavu la mguu, kushindwa kupumua vizuri, tumbo kujaa pamoja na kutapika, au mkojo unaovuja ukeni bila kujizuia: kila kimoja kinatosha kumrudisha mtu hospitali siku hiyohiyo bila kuulizwa alifanya nini jana. Ningependa hayo yaandikwe juu kabisa ya karatasi ya kuruhusiwa, kabla ya makatazo, na yasomwe mbele ya yule atakayekaa naye nyumbani.

Dada yake hakuwepo maelekezo yalipotolewa. Mume alikuwepo, lakini nje ya mlango, akingoja kubeba mizigo.

Dawa za maumivu nazo zinahitaji neno lao. Mtu aliyezimaliza siku ya tisa kisha akazihitaji tena siku ya 12 anatoa taarifa, hata kama mwenyewe hajui. Maumivu ya kupona hushuka. Yanaweza kusimama siku mbili tatu baada ya kazi nyingi, lakini yakigeuka na kupanda, kuna jambo.

Wiki zilizofuata

Mwili ulipona vizuri baada ya hapo, ingawa polepole. Wiki ya sita alitembea nusu saa bila kusimama. Uchovu wa mchana ulimshangaza, maana alidhani utaisha sambamba na maumivu, kumbe uliendelea hadi karibu mwezi wa tatu. Kwa upasuaji wa tumbo wa aina hii wiki sita hadi nane ni muda wa kidonda kushika. Nguvu zenyewe huchukua zaidi. Alirudi kazini wiki ya tisa kwa saa chache, kisha siku nzima wiki ya 12. Mazoezi ya kubana misuli ya nyonga aliyaanza maumivu yalipotulia, na yalimsaidia kushika mkojo anapokohoa.

Wiki ya tano alianza kulia bila kujua analilia nini. Mume aliona ni udhaifu wa mwili, dada akaona ni homoni. Homoni zilichangia kidogo, kwa kuwa athari ya sindano ilikuwa haijaisha na joto la ghafla lilikuwa likimjia bado. Lakini muuguzi mmoja alipoketi naye kliniki na kumwuliza anawaza nini usiku, alisema alikuwa akimfikiria mtoto wa tatu. Hakuwa amemtaka tena, ndivyo alivyoamini, ila siku zote alikuwa na uwezo wa kubadili mawazo. Sasa uwezo huo umeondoka.

Hili ndilo lile jibu la siku ya kwanza. "Bado unatamani mtoto?" lilijibiwa kwa ukweli, na chaguo lake lilikuwa sahihi hata akiliangalia leo, hajutii. Ila kutotaka na kutoweza ni hali mbili tofauti, na ya pili huweza kumliza hata aliyeichagua kwa akili timamu. Lingeulizwa swali la pili, kama vile "utajisikiaje siku ukijua haiwezekani tena?", angepata mahali pa kulia kabla, na angeyatambua machozi yake yalipokuja. Kwake ilitosha kuzungumza mara tatu na kuwa na mume ndani ya chumba mara moja. Wengine huhitaji zaidi, hasa waliowahi kuugua sonona, na huzuni isiyopungua baada ya wiki kadhaa haifai kuachwa ijiishie.

Mume alikuwa na hofu yake, nayo haikuwa na pa kusemewa. Alidhani uke umebaki wazi kuelekea tumboni, na kwamba wakikutana atamchoma ndani. Ilichukua dakika kumi na mchoro mmoja kumwonyesha kwamba sehemu ya juu ya uke imeshonwa ikafungwa, na ikishapona ni ukuta kamili. Kwa sababu ya jipu walishauriwa wangoje hadi wiki ya 12, baada ya daktari kuukagua mshono. Mara za kwanza alihisi ukavu. Mafuta ya kulainisha yenye asili ya maji na kutokuwa na haraka vilitosha. Baadaye alisema raha imeongezeka kuliko miaka mitatu iliyopita, kwa kuwa hana tena hofu ya damu.

Majibu ya maabara na ufuatiliaji

Kizazi kilichotolewa kilipimwa. Uvimbe wote ulikuwa wa kawaida, usio wa saratani. Zaidi ya hapo ilionekana kwamba tishu za ukuta wa ndani wa kizazi zilikuwa zimeota ndani ya misuli yake, hali inayoleta hedhi nzito na yenye maumivu makali. Hili lilimpa utulivu ambao sikuutarajia: kama angetolewa uvimbe peke yake, huenda sehemu kubwa ya shida yake ingebaki. Majibu haya yalikuwa tayari wiki ya tatu, lakini alisomewa wiki ya nane kwa sababu hakuna aliyepangiwa kumpigia simu.

Kwa kuwa shingo ya kizazi imeondoka, na vipimo vyake vyote vya awali vilikuwa safi, hahitaji tena kupimwa saratani ya shingo ya kizazi. Mwanamke aliyewahi kukutwa na mabadiliko makubwa ya kabla ya saratani huendelea kufuatiliwa.

Swali lake la mwisho kliniki lilikuwa zuri: atajuaje kwamba amefika ukomo wa hedhi, wakati hedhi yenyewe haipo? Ovari zake bado zinafanya kazi, hivyo kwa sasa bado atahisi matiti kujaa na tumbo kukaza kwa vipindi, mwezi kwa mwezi. Hata hivyo wanawake waliotolewa kizazi na kubakiziwa ovari huelekea kufika ukomo huo mapema kidogo kuliko wenzao. Aliambiwa aangalie joto la ghafla, usingizi unaokatika, ukavu na mabadiliko ya hisia, na asiyachukulie kuwa mabaki ya upasuaji kwa sababu tu yamekuja mwaka mmoja au miwili baadaye. Ameandikiwa kurudi kila mwaka kupimwa shinikizo la damu na kiwango cha damu, na mapema zaidi ikiwa dalili hizo zitaanza.